Boti Ndogo na Injini Kubwa: Kabla Kikundi Hakijapanda

Vikundi vingi vya huku Gatitu, vikishagawana faida mwisho wa mwaka, hupanga safari ya kwenda Naivasha. Watu wanabeba chakula, wanaimba ndani ya matatu, na wakifika ziwani kitu cha kwanza ni kupanda boti. Wengi wetu hatujui kuogelea. Huku kwetu mito ni ya kuvuka tu. Kwa hivyo ni vizuri mjue ni boti gani ya kupanda na ni gani ya kuachana nayo.

Watu wanafikiri injini kubwa ndiyo salama. Si kweli. Injini ni mzigo uliofungwa nyuma kabisa. Ikizidi, nyuma inazama, mdomo unainuka, na dereva haoni mbele vizuri. Akiachilia mafuta ghafla, wimbi lake mwenyewe linamfuata na kuingia ndani kwa nyuma. Na akikimbia sana, boti nyepesi inainuka mpaka inashika maji kidogo tu. Hapo inaanza kuyumba kushoto na kulia, na kona moja kali yatosha kuwamwaga watu.

Marekani wana kanuni ya hesabu kwa boti zisizofika futi 20. Unazidisha urefu kwa upana wa nyuma, kwa futi. Tuseme boti ni futi 15 kwa 5, unapata 75. Kama chini ni bapa na dereva anashika mkono wa injini, chukua nusu, toa 15: inabaki 22.5, basi injini isizidi hospawa 25. Boti ya ukubwa huo huo yenye usukani, na ubao wa nyuma wa inchi 20 au zaidi, inaruhusiwa mpaka 60. Mbona tofauti kubwa hivyo? Anayeshika injini kwa mkono amekaa nyuma kabisa na kuongeza uzito pale pale, na injini yenye nguvu ikijipinda inamnyang'anya mkono. Tena boti hiyo ya 75, ukigawa kwa 15, ni ya watu watano. Si kumi na wawili, hata kama viti vipo!

Kuna jambo lingine la milimani. Naivasha ni zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Ile ya 25 inavuta kama ya 20. Mwenye boti akiona imechoka anafunga kubwa zaidi, lakini uzito wa injini haupungui kwa sababu ya mlima.

Mwendo nao? Kwa kilomita 40 kwa saa boti inapita mita 11 kila sekunde, na boti haina breki. Ukiongeza mwendo mara mbili, kishindo cha kugonga kinakuwa mara nne. Maji ya Naivasha yalipanda sana mwaka 2020 yakafunika miti na nyua, na kiboko naye haonekani mpaka atoe kichwa. Karibu na ufuo, mwendo wa mtu anayetembea unatosha.

Basi mwenyekiti aulize kabla ya kulipa: injini ni hospawa ngapi, boti ni ya watu wangapi? Kila mtu avae jaketi ya kuokoa maisha na kuifunga, akina mama wenye watoto kwanza. Dereva ajifunge ile kamba inayozima injini akianguka. Nendeni asubuhi, kwa maana alasiri upepo huamka. Vijana wakianza kupiga kelele "ongeza, ongeza," mwenyekiti ndiye wa kuwanyamazisha, na nusu ya pesa ibaki kwa mwekahazina mpaka boti irudi.