Kung'oa bure, kurudisha laki nne na nusu

Shangazi yangu ana miaka 71 na amesomesha chuo cha Kurani huko Muheza tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana aliacha kuwasikiliza watoto wadogo, akawaachia wanafunzi wake wakubwa. Nikadhani ni magoti. Kumbe meno.

"Mwanangu, fa haitoki," aliniambia, kiganja mdomoni.

Asiyesoma tajwidi atajiuliza herufi na daktari wa meno vinahusiana wapi. Fa hutoka pale ncha za meno ya juu ya mbele zinapogusa mdomo wa chini. Tha na dhal nazo zinataka ulimi uguse meno hayo hayo. Shangazi manne ya mbele hana. Watoto wakawa wanamwiga anavyotamka, wanakosea kwa adabu kabisa, naye hana la kuwasahihishia.

Meno hayo hayakudondoka yenyewe. Yaling'olewa hospitalini, moja baada ya jingine, bure. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, kuanzia miaka 60, na kwa hilo simlaumu mtu: kitambulisho anacho, dirisha la wazee lipo, vijana humpisha kwenye foleni. Ila kwa alivyouona yeye, msamaha ule ulikuwa mkarimu kwa koleo tu. Kila alipofika, vifaa vya kuziba vilikuwa vimeisha. Kutibu mzizi ni rufaa mjini, na nauli ya kwenda na kurudi mara tatu au nne. Kung'oa ni sindano moja ya ganzi, kisha nyumbani. Aliyekesha akiwa ameshika shavu atachagua kipi?

Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki ya binafsi Tanga mjini. Walimtia mdomoni kisinia cha chuma chenye uji mzito wa waridi, ukaganda na kuchukua umbo la fizi. "Unanukia pipi," akasema baadaye, kama anayelalamika. Kisha ikaja bei: elfu arobaini na tano kwa jino. Manne ya mbele na magego sita, jumla 450,000. Yale ya kupandikizwa kwenye mfupa yalitajwa kwa mamilioni, hatukuuliza mara ya pili.

Zanzibar Pencheni Jamii ilipoanza Aprili 2016, mzee wa miaka 70 alipokea 20,000 kwa mwezi. Kwa kiwango kile, meno hayo yangemla karibu miaka miwili ya pencheni, bila kununua hata chumvi. Bara pencheni ya wazee wote haipo. Shangazi anategemea ada ya watoto ya kila Alhamisi na miti michache ya michungwa.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa heshima zote, nadhani aliyeutunga msemo huo alikuwa na meno yake. Kwani pengo halikai lilivyo. Jino likitoka, mfupa wa taya pale chini hupungua taratibu, na meno ya jirani huanza kulalia upande ulio wazi. Ndiyo maana meno ya bandia yanayokaa vizuri leo hulegea baada ya miaka, ukarudi kuyarekebisha au kutengeneza mengine.

Halafu kuna sukari. Shangazi anayo, na sukari huziharibu fizi, fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Daktari wake wa sukari amemwambia apunguze uji mweupe na mkate, ale maharage, mboga za majani, matunda yasiyosagwa. Mwambie hivyo mtu asiye na magego! Makande huyaponda kwa mwiko mpaka yawe rojo, na siku akichoka kuponda, anachovya mkate kwenye chai.

Tulichanga ndugu watano, ikapatikana 180,000. Ya mbele kwanza, magego yatasubiri msimu wa machungwa.

Siku ya kuyavaa, muuguzi alimletea kioo, hakukishika. Alitamka fa mara tatu, polepole, kisha akamgeukia daktari, kijana wa rika la wajukuu zake.

"Haya, na wewe sema."