Kuunda Eropleni Ndogo kwa Mti wa Balsa

Leo twataka kuwaeleza habari za kazi ambayo watu wengi huidhania kuwa ni mchezo wa watoto tu. Kazi hiyo ni kuunda eropleni ndogo, mfano wa zile kubwa, kwa vipande vya mti uitwao balsa. Hasa zile za namna ya zamani zenye mabawa ya tabaka mbili, moja juu na moja chini, yaliyoshikwa pamoja kwa nguzo na nyaya. Huko Uingereza na Marekani wako wanafunzi, mafundi, na hata wazee wenye mvi, washikao kazi hii saa za jioni baada ya shughuli zao. Eropleni hiyo ndogo ikiundwa vyema huruka kweli. Ikiundwa ovyo hairuki, hata ikiwa yapendeza macho namna gani. Hapo ndipo lilipo fundisho lake.

Kwanza tuutazame mti wenyewe. Balsa humea katika nchi za joto za Marekani ya Kati na ya Kusini, na sehemu kubwa ya mbao zake hutoka nchi ya Ekuador. Ni wa ukoo mmoja na mbuyu, msufi na mpamba. Hata tunda lake likipasuka hutoa sufi. Mti ungali hai umejaa maji. Mbao zikikaushwa katika tanuri, maji hutoka, na vyumba vidogo sana vilivyomo ndani yake hubaki na hewa. Hiyo ndiyo sababu ya wepesi wake. Futi moja ya ujazo ya maji ina uzito wa ratli 62 na kidogo. Ya mvule mkavu, kadiri ya ratli 40. Lakini ya balsa ifaayo kazi hii, ratli 6 hata 12 tu. Wala mtu asidhani kuwa wepesi huo ni udhaifu. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl, mtu wa Norwei, na wenzake watano walisafiri kutoka Peru hata visiwa vya Polinesia juu ya chelezo cha magogo ya balsa. Tena eropleni ya vita iliyoitwa Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940, kiwiliwili chake kilifanywa kwa balsa iliyobanwa katikati ya mbao nyembamba za mti mwingine mgumu.

Sasa mtu atauliza, kwa nini mabawa mawili mawili? Wale walioanza kuunda eropleni walikuwa na miti, nguo na waya tu, na bawa refu la mti mwembamba huvunjika upesi. Lakini mabawa mawili yakiwekwa moja juu ya jingine, na kufungwa kwa nguzo na nyaya za kukingamana, huwa kama sanduku: ni jepesi, lakini halipindiki. Eropleni ya ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903, ilikuwa ya namna hii. Safari yake ya kwanza ilikuwa ya nukta 12, mwendo wa futi 120 tu. Baadaye nguzo na nyaya zile zilionekana kuwa zazuia mwendo, kwa kuwa hupambana na upepo. Na madini mepesi yalipotumika, bawa moja likatosha.

Na hao ndugu wawili, hamu yao ilianzia wapi? Ilianzia katika kitu cha kuchezea. Mwaka 1871 Mfaransa mmoja, Alphonse Pénaud, aliunda eropleni ndogo yenye rafadha iliyozungushwa kwa mpira uliosokotwa, akairusha mbele ya watu mjini Paris. Alifanya pia kidude kingine cha mpira kilichopaa wima. Mwaka 1878 baba yao Wright aliwaletea wanawe kidude cha namna hiyo, nao wakakichezea hata kikavunjika, kisha wakajaribu kuunda vyao. Pénaud alikufa mwaka 1880, umri wake miaka 30, wala hakuona matunda ya kazi yake. Basi, asiwepo mzazi wa kumwambia mtoto, "Acha upuuzi huo," kabla hajatazama mtoto anaunda nini.

Tuchukue mfano mmoja, eropleni ya Kiingereza iitwayo Tiger Moth, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931. Marubani wengi walijifunzia kazi yao ndani yake. Ni ndugu ya Gipsy Moth, ambayo shirika la Wilson Airways lilianza nayo kazi Nairobi mwaka 1929. Urefu wa bawa la Tiger Moth, toka ncha hata ncha, ni futi 29 na inchi 4, yaani inchi 352. Tukitaka mfano ulio sehemu moja ya 16, twagawanya 352 kwa 16, na jawabu ni inchi 22 kamili. Hesabu hiyo hiyo hufanywa kwa kila kipande. Mwanafunzi aliyechoka na hesabu za kugawanya ubaoni ataona hapa kwamba akikosea tarakimu moja, bawa la kulia halitalingana na la kushoto.

Kazi huanza kwa ramani, iliyochorwa kwa kipimo kile kile cha mfano. Ramani huwekwa juu ya ubao laini ulionyoka, ikafunikwa kwa karatasi ya nta ili gundi isiishike. Kiwiliwili hujengwa kama kiunzi cha nyumba ya udongo: fito nyembamba za balsa hulazwa juu ya mistari ya ramani, zikashikizwa kwa pini, kisha fito fupi za kusimama hutiwa katikati yake. Ubavu wa pili hujengwa juu ya ule wa kwanza, ili uwe sawa nao kabisa. Mbavu za mabawa hukatwa kwa wembe mkali, zote kwa kigezo kimoja, kisha hupangwa juu ya boriti ya bawa. Kiungo kikisha kukauka husuguliwa kwa msasa, polepole, bila kukandamiza.

Gundi itiwe kidogo tu. Wahenga walisema, "Haba na haba hujaza kibaba," na hapa kibaba hicho ni hasara. Tone moja la ziada katika kila kiungo halionekani. Lakini viungo ni zaidi ya mia, na matone mia ni mzigo ambao eropleni itauchukua kila irukapo.

Kisha kiunzi huvikwa karatasi ya shashi. Karatasi hunyunyiziwa maji kidogo, na ikikauka hujikaza kama ngozi ya ngoma. Hapa pana hatari. Karatasi ikijikaza huvuta kiunzi, na bawa lisiposhikizwa juu ya ubao huku likikauka, hupindika. Bawa lililopindika huipeleka eropleni upande mmoja hata ianguke. Na kwa kuwa hii ina tabaka mbili, mabawa ya juu na ya chini hayana budi kutazamana sawasawa pia, la sivyo moja litashindana na mwenziwe.

Jambo lililo kubwa kuliko yote ni mizani. Watoto wa pwani warushao tiara wajua kuwa isipokaa sawa hupiga mbizi. Hata waliounda Tiger Moth kubwa walilazimika kulifikiri jambo hili. Katika Gipsy Moth, mtu aliyekaa mbele alifunikwa na bawa la juu, akapata taabu kutoka na mwavuli wake wakati wa hatari. Basi wakalisogeza bawa la juu mbele; lakini mizani ikaharibika, hata ikawapasa kuyarudisha mabawa nyuma kidogo katika ncha zake ili uzito na nguvu ya kuinua vikutane tena. Kwa mfano mdogo twatumia udongo wa kufinyangia, tukiutia puani hata eropleni ikae sawa juu ya vidole viwili vilivyowekwa mahali palipoonyeshwa na ramani.

Jaribio la kwanza lifanywe siku isiyo na upepo, juu ya majani marefu. Eropleni isukumwe taratibu toka begani, pua ikiinama kidogo, wala isitupwe kama jiwe. Ikiinuka, ikasita, kisha ikaanguka, pua ni nyepesi: ongeza udongo. Ikipiga mbizi moja kwa moja, pua ni nzito: punguza. Ubadili jambo moja tu kila mara, maana ukibadili mawili hutajua ni lipi lililoponya. Ikisha kuelea vizuri, ndipo mpira upakwe mafuta ya nyonyo na kuzungushwa, mizunguko michache kwanza, halafu zaidi.

Mahali ambapo balsa haipatikani, mtu aweza kujifunza mizani hiyo hiyo kwa mabua ya mtama na karatasi, akaanza na kitu cha kuelea tu kisicho na mpira.

Kuna methali isemayo kwamba kazi mbaya si mchezo mwema, nayo ni kweli. Lakini kazi hii ni mchezo ulio na desturi za kazi ndani yake. Mwalimu aweza kumhurumia mwanafunzi, na rafiki aweza kumsifu bure. Hewa haimhurumii mtu wala haimsifu. Yule aliyepima vibaya ataonyeshwa kosa lake majanini, naye atakiokota chombo chake, atakitengeneza, na kujaribu tena. Kijana aliyezoea kufanya hivyo bila kukasirika na bila kumsingizia mwenzake, tungefurahi kumkabidhi kazi yo yote.