Bunduki ya kulinda zizi: aina ya risasi na mdomo wa mtutu

Katika vijiji vya Bariadi, Itilima na Meatu vinavyopakana na Pori la Akiba Maswa, sisi maafisa mifugo tunaulizwa sana kuhusu bunduki. Fisi ameingia kwenye mbuzi, au wezi wamepitisha ng'ombe usiku, na baba mwenye kaya anataka kujua anunue ipi. Nitajibu kwa upande wa mifugo na usalama wa kaya. Kibali ni kazi ya polisi, na maombi huanzia kwenye serikali yako ya kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Gobore liondoe kwenye hesabu. Lile la kutengenezwa mtaani halina kibali, na bomba lake linaweza kupasuka mkononi mwa mpigaji. Serikali imekuwa ikitoa misamaha ya kusalimisha silaha haramu kwa hiari, kama ule wa Septemba na Oktoba 2022. Msamaha mwingine ukitangazwa, utumie.

Inayofaa kaya ni bunduki ya marisau, ambayo wengi tunaiita shotigani. Kwa maoni yangu, chagua ile inayokunjwa katikati, ya mtutu mmoja au miwili. Ukiikunja unaona kwa macho kama ina risasi. Zile zinazobeba risasi nyingi tumboni huonekana tupu kumbe moja imebaki ndani, na kwenye nyumba yenye watoto hilo ndilo jambo la kwanza kuliangalia.

Sasa mdomo wa mtutu. Mitutu mingi imebanwa kidogo mwishoni, na mbano huo huitwa choki. Fikiria bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa ya kupe. Ukikaza kichwa chake, dawa inatoka nyembamba na kufika mbali. Ukilegeza, inatawanyika karibu. Choki nayo hufanya hivyo kwa marisau. Mbano mkali ni wa kupiga ndege walio mbali. Usiku zizini unaona kwa tochi hatua kumi au ishirini tu, kwa hiyo mtutu usiobanwa, au uliobanwa kidogo, unatosha. Tena kuna risasi za tonge moja kubwa la risasi badala ya marisau. Hizo zisipitishwe kwenye mbano mkali, kwa sababu zinaweza kuharibu mtutu.

Watu hudhani marisau hutawanyika kama wavu, kwamba hata ukikosea utapata. Si kweli. Kwa mtutu usiobanwa, kadiria upana wa sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja. Kwa mita kumi kundi la marisau lina upana wa sahani, kwa hiyo lazima ulenge. Kwa mita thelathini linakaribia upana wa mlango, na hapo huwezi tena kusema litampata nani.

Kuhusu risasi, yale marisau madogo kama punje za uwele ni ya kanga na kwale. Kwa fisi humjeruhi tu, na fisi au simba aliyejeruhiwa ni hatari kwa mchungaji wa kesho yake. Yale makubwa yaitwayo SSG, yanayokaribia punje ya mbaazi, ndiyo yenye nguvu ya kutosha kwa mnyama mkubwa aliye karibu. Nguvu hiyo hiyo hupenya ukuta wa fito na udongo, na bati pia, na punje iliyokosa huweza kufika mamia ya mita. Risasi ya tonge moja huenda mbali zaidi. Binafsi sishauri iwekwe kwenye kaya iliyo katikati ya kaya nyingine.

Hapa ndipo penye shida kubwa kwetu. Mwano ukipigwa, Sungusungu na majirani hukimbilia kwako kutoka pande zote gizani. Ng'ombe nao wanavunja zizi na kutawanyika. Anayefyatua wakati huo anafyatua kuelekea kwa watu waliokuja kumsaidia. Mwano ukishapigwa, shusha mtutu na toa risasi. Mwizi anayekimbia naye usimpige mgongoni, maana sheria inaruhusu nguvu inayolingana na hatari iliyopo, na anayekimbia amekwisha kuacha kukutishia.

Bunduki ikae imefungwa kwenye kabati la chuma, risasi mahali pengine, na funguo kwa mwenye kibali tu. Ni kweli hilo linachelewesha. Ndiyo maana usiku kazi kubwa inafanywa na zizi lenyewe, liwe na minyaa iliyoshonana, mlango usiopitisha kichwa cha fisi, mbwa, na taa. Simanjiro wafugaji wamezungushia waya wa wavu kwenye miti hai. Kule Kenya, Richard Turere, akiwa bado mtoto, alibuni taa za kuwaka na kuzima ili simba adhani mtu anatembea na tochi.

Ng'ombe wako akipigwa marisau, usichokonoe jeraha kwa kisu. Lioshe kwa maji safi yenye chumvi, zuia nzi, na umwite afisa mifugo siku hiyo hiyo. Akichinjwa, nyama ya kuzunguka majeraha ikatwe itupwe mbali na mbwa, kwa sababu risasi ni sumu, na kwa watoto zaidi.

Mnyamapori akiuawa wakati wa kujihami, toa taarifa mara moja kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori. Ngozi, meno na kucha ni nyara za Serikali, na ukikutwa nazo utaeleza mahakamani. Usitie sumu kwenye mzoga, itaua mbwa wako na tai pia. Na ikiwa simba au fisi ndiye aliyeua mfugo wako, acha mzoga ulipo, funika nyayo kwa beseni zisifutike, na mwite afisa wanyamapori ajaze fomu ya kifuta jasho akiona kwa macho yake.