Chanjo ya Korona katika Mwili wa Mgonjwa wa Saratani

Mtu aliyekwisha kuchanjwa huhesabiwa kuwa amepata kinga. Je, ndivyo ilivyo pia kwa mgonjwa wa saratani? Swali hili lilikuwa zito mwanzoni mwa mwaka 2021, kwa kuwa majaribio makubwa ya kwanza ya chanjo za korona hayakuwajumuisha wagonjwa wengi waliokuwa katika matibabu.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba chanjo yenyewe haiui virusi. Kazi yake ni kuufundisha mwili kuvitambua. Wanafunzi wake ni chembe nyeupe za damu za namna mbili. Chembe B huzaa kingamwili, ambazo huvinasa virusi kabla havijapenya. Chembe T huziangamiza chembe za mwili zilizokwisha kuvamiwa. Saratani nyingi za damu huanzia katika chembe nyeupe zenyewe, na dawa kama rituximab huzifuta chembe B kwa miezi sita au zaidi. Hapo mwalimu huingia darasani asiwakute wanafunzi.

Uchunguzi uitwao CAPTURE, uliofanywa Uingereza na hospitali ya Royal Marsden pamoja na taasisi ya Francis Crick, ulitoa matokeo yake mwaka 2021 kutokana na wagonjwa 585. Baada ya dozi mbili, asilimia 85 ya wenye saratani za uvimbe, kama vile ya matiti au ya utumbo, walipata kingamwili. Miongoni mwa wenye saratani za damu, waliopata ni asilimia 59 tu. Hata hivyo, chembe T ziliitikia katika asilimia 80 ya wagonjwa, bila tofauti kubwa baina ya makundi hayo. Kwa hiyo, kukosa kingamwili si lazima kuwe kukosa kinga yote.

Mwaka huo huo Marekani na Uingereza ziliidhinisha dozi ya tatu kwa watu wenye kinga dhaifu. Wengi waliokuwa hawana kingamwili walizipata, ingawa si wote. Aidha, inapowezekana, mgonjwa huchanjwa kabla ya kuanza matibabu, wakati chembe zake zingali nyingi.

Lipo jambo la mwisho. Yule ambaye mwili wake haukuitikia chanjo hulindwa na wale wanaoishi naye. Ndugu, jirani na mwanafunzi mwenzake wanapochanjwa, njia za virusi kumfikia hupungua.