Kushtaki au kuacha? Hesabu ya deni la sare

Hapa kambini Kakuma mtu akidhulumiwa pesa utasikia moja ya maneno mawili. Wengine wanasema, "Nitampeleka kortini," hata kama deni ni la shilingi mia tano. Wengine wanasema, "Mkimbizi hana korti, mwachie Mungu." Sisi walimu tunaona wote wameruka kitu kimoja, nacho ni hesabu.

Hilo la kwamba mkimbizi hana korti tuliondoe kwanza. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 16, unampa mkimbizi haki ya kwenda mbele ya mahakama sawa na mwenyeji, na Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 1966. Sheria ya Kenya ya Msaada wa Kisheria ya 2016 nayo inamtaja mkimbizi kati ya watu wanaoweza kuomba msaada wa wakili. Basi mlango upo. Tunachouliza ni kama safari ya kwenda mlangoni itarudisha zaidi ya ilichokula.

(Tunazungumza juu ya madai ya pesa na mali tu. Mtu akijeruhiwa au mtoto akinajisiwa, hapo hakuna kupiga hesabu wala kukaa na wazee. Ni hospitali na polisi siku hiyo hiyo.)

Deni lenyewe

Kikundi cha akina mama washonaji tunachokifahamu kilishona sare 84 kwa agizo la mfanyabiashara mmoja wa mjini, kila sare shilingi 1,000. Jumla 84,000. Alichukua zote, hakulipa hata moja. Kila wiki ni "kesho, mama, kesho." Akina mama walikuwa tayari kutafuta wakili asubuhi yake. Tuliwaomba watupe jioni moja na ubao.

Swali la kwanza lilikuwa: mna nini mkononi? Daftari lilionyesha sahihi ya huyo jamaa kwa sare 52. Zile 32 za mwisho alizichukua kijana wake jioni, bila sahihi, eti kwa kuaminiana. Basi tuna madeni mawili, moja la 52,000 lenye karatasi na moja la 32,000 lenye maneno matupu. Tukawauliza: kesi kama hii ingesikilizwa mara kumi, mngeshinda mara ngapi? Kwa zile za sahihi walisema mara nane. Kwa zile za kijana walinyamaza kidogo, halafu mama mmoja akasema mara nne. Nane ya kumi ya 52,000 ni 41,600. Nne ya kumi ya 32,000 ni 12,800. Jumla 54,400. Tayari zile 84,000 za kichwani zimepungua, na bado hatujatoka nyumbani.

Swali la pili ndilo watu wengi hawaulizi: akishindwa, atalipa na nini? Hukumu ni karatasi. Asipolipa kwa hiari, inabidi uombe mahakama imtume dalali akamate mali, na hiyo nayo ina gharama. Tena si kila mali inakamatwa. Sheria ya Kenya inaacha nguo, vitanda na matandiko, vyombo vya kupikia, na vifaa ambavyo mtu anafanyia kazi yake. Jamaa wetu ana duka lenye bidhaa, hilo ni jema. Ana pia pikapu, lakini akina mama walisikia kwamba imeandikwa kwa jina la shemeji yake. Wakasema nafasi ya kupata pesa yenyewe ni nusu. Nusu ya 54,400 ni 27,200.

Sasa gharama. Ada ya kufungua kesi, kuchapisha karatasi, bodaboda na simu waliziwekea 6,000. Kisha tukawauliza juu ya siku za cherehani kulala. Akina mama watatu, siku nne za kwenda na kurudi, kila mmoja akipoteza 400 kwa siku, ni 4,800. Hiyo hakuna aliyekuwa ameihesabu. Na kesi ikipelekwa Lodwar, kilomita kama 120, ongeza nauli, malazi na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini.

27,200 toa 10,800, inabaki 16,400. Wakili akitaka 25,000, wanaingia hasara ya 8,600. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida anayeshindwa hubebeshwa gharama za mwenzake.

Njia ya bei nafuu

Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria ya Mahakama ya Madai Madogo, na ya kwanza ilianza kazi Nairobi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, Kiswahili kinaruhusiwa, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Mishahara, mashamba na matusi haipokei, hayo yana njia yake. Muulize karani wa mahakama iliyo karibu deni lako linaangukia wapi.

Na usilale. Deni la makubaliano lina miaka sita, madai ya kuumizwa au kuharibiwa mali yana miaka mitatu. Mdeni akilipa kidogo, au akikiri deni kwa maandishi, miaka inaanza kuhesabiwa upya. Ndiyo sababu barua ya madai inafaa sana kabla ya yote: tarehe, kiasi, siku za kulipa, nakala ubaki nayo. Inagharimu karatasi mbili tu.

Akina mama waliandika barua hiyo, wakampa siku 14. Siku ya tisa alikuja kaka wa mdeni na pesa taslimu 30,000, pamoja na karatasi ya kutia sahihi kwamba "deni lote limekwisha."

Hapo ndipo kikundi kiligawanyika. Kwa hesabu ya ubao, 30,000 leo inashinda 16,400 ya kubahatisha, na mama mmoja ana mtoto mgonjwa. Lakini mwenzake, ambaye alishona sare nyingi kuliko wote, alisema kwamba huyo jamaa akipona hapa ataenda kikundi kingine kufanya vilevile, na kwamba heshima yake haimo katika hesabu ya walimu. Ni kweli, haimo. Hatukuwa na namba ya kuiandikia.

Tulichowaambia ni kimoja tu: pokeeni pesa, hiyo karatasi msiitie sahihi, maana ile "lote" inafuta hata zile sare 52 zenye ushahidi. Walibishana hadi giza. Mwisho waliandika karatasi yao wenyewe: wamepokea 30,000, mdeni anakiri 22,000 zilizobaki za sare zenye sahihi, atalipa kwa awamu mbili. Zile 32 za kijana wameziachilia, wengine kwa uchungu. Kaka alisoma, akatia sahihi kama shahidi, akaenda nayo kwa mdeni. Ilirudi baada ya siku mbili ikiwa na sahihi yake. Awamu ya kwanza ni mwisho wa mwezi huu, na barua ya pili iko tayari ndani ya daftari.