UZI: Shule moja, mifuko mitatu, mchoro hakuna

Mkutano wowote wa siasa hapa Saboti lazima usikie hii: "Tumejenga madarasa!" Watu wanapiga makofi, tunaenda nyumbani. Hakuna anayeuliza darasa limewekwa wapi ndani ya kompaundi, na karibu na nani. Twende polepole.

1/ Desemba 2022, jopo la rais la mageuzi ya elimu chini ya Prof. Raphael Munavu lilipendekeza Gredi ya 7, 8 na 9 zikae katika shule za msingi badala ya shule za upili. Mwishoni mwa Januari 2023 watoto wa kwanza wa Gredi ya 7 walikuwa darasani. Hesabu wiki hapo. Binafsi naona uamuzi wenyewe ulikuwa na mantiki: mtoto wa miaka 12 analala kwao, mzazi haendi kununua boksi na godoro. Lakini hakuna fundi duniani anayebadilisha shule ndani ya miezi miwili.

2/ Najua kuna mtu ashaanza kuandika: "Hata enzi za 8-4-4 darasa la nane lilikuwa hapo hapo na nasari!" Kweli kabisa. Umri haukubadilika sana. Kilichobadilika ni kile wakubwa wanachofanya. Siku hizi wana Sayansi Jumuishi inayotaka maabara, wana somo la ufundi linalotaka meza na vifaa, na wana walimu wao wa sekondari msingi. Hata kengele si moja. Kipindi cha gredi za chini ni dakika 30, gredi za kati 35, JSS 40. Kwa hivyo wadogo wanatoka kucheza wakati Gredi ya 9 bado iko katikati ya somo. Ukijenga darasa la JSS likitazama bembea za chekechea, umemharibia mwalimu kazi kabla hajafungua kitabu.

3/ Sasa siasa yenyewe. Nyongeza ya Nne ya Katiba inasema elimu ya chekechea ni ya kaunti. Msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa. Kwa hivyo darasa la PP1 linajengwa na kaunti ya Trans Nzoia. La Gredi ya 5 linaweza kujengwa na NG-CDF. La Gredi ya 9 linaweza kutoka wizarani. Kila mfuko una mkandarasi wake na kibao chake ukutani. Na kila mmoja anatafuta nafasi iliyo wazi, mara nyingi ile inayoonekana kutoka barabarani (ukiniuliza mimi, hiyo si bahati mbaya).

4/ Vyoo. Hapa ndipo maneno matupu huisha. Kipimo kinachotumika Kenya ni choo kimoja kwa wasichana 25, na kimoja kwa wavulana 30. Shule yenye wasichana 300 inahitaji 12. Mwanasiasa akisema "tumejenga 12", kwa karatasi amemaliza. Lakini mtoto wa PP1 ana miaka 4. Tundu la choo cha shimo la mtu mzima ni hatari kwake, na usiku wa mvua mtelezo unabaki hadi asubuhi. Msichana wa Gredi ya 8 anahitaji kitu kingine: komeo la ndani, maji, na mahali pa kutupa sodo. Ukiwapanga wote foleni moja dakika kumi za mapumziko, mdogo anasukumwa na mkubwa anaamua kutokwenda kabisa. Kuna wanaokaa nyumbani siku hizo. Idadi ilitimia, lakini mahitaji yao hayakutimia.

5/ Machewa bado unaweza kupata shule yenye nafasi ya kupumua. Matisi na Tuwani ni mji, ardhi imebana, kwa hivyo ghorofa zinakuja. Sina shida na ghorofa. Nina shida na ngazi. Tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi wasiopungua 14 walikufa katika mkanyagano kwenye ngazi za Shule ya Msingi ya Kakamega, wakitoka darasani jioni. Si mbali na sisi. Wadogo wakae chini, ngazi ziwe zaidi ya moja, na ziwe pana. Hayo huamuliwa kwenye mchoro. Zege ikishamwagwa umechelewa.

6/ Kuna pia pesa za kila mwaka. Mgao uliowekwa ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi na 15,042 kwa wa JSS. Tangi la maji likipasuka, linalipwa na akaunti gani? Bomba ni moja, wanakunywa wote. Walimu wa JSS wamepigania uongozi wao wenyewe miaka hii, na sehemu ya ugomvi ni vitu kama hivi.

7/ "Kwa hivyo tufanye nini?" Kila shule ya umma ina bodi ya usimamizi chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na wazazi wamo. Nenda uombe karatasi moja: mchoro wa kompaundi nzima, ukionyesha PP1 hadi Gredi ya 9, vyoo, ngazi, maji, uwanja, na nafasi ya maabara. Kaunti ikija, ioneshwe karatasi hiyo hiyo. NG-CDF ikija, hiyo hiyo. Kama haipo, bodi iichoreshe kabla ya lori la kwanza la mchanga kuingia.

Mlio na watoto shule za Tuwani na Kinyoro, niambieni hapa chini: kwenu mchoro huo upo?