Kulitafuta Lango: Anwani ya Ruta katika Afisi Ngeni ya Mji wa Kale

Mgeni aingiaye Mji wa Kale wa Mombasa kwa mara ya kwanza aghalabu haelekezwi kwa nambari ya nyumba. Huambiwa ashike barabara ya Mbarak Hinawy, aiache Ngome ya Yesu nyuma yake, aende mpaka Msikiti wa Mandhry, kisha aulize tena hapo. Maelekezo ya namna hii hayamlazimu aujue mji mzima. Yatosha ajue pa kuulizia hatua inayofuata. Tarakilishi iliyounganishwa na mtandao wa afisi nayo haiujui ulimwengu wa intaneti. Inachokijua ni mlango mmoja tu. Kila ujumbe usiokuwa wa jirani aliye katika mtandao uleule hupelekwa kwenye mlango huo, na bawabu wa hapo ndiye atafutaye njia ya mbele. Bawabu huyo ni ruta, na anwani yake ndiyo mada ya makala haya.

Haja ya kuijua anwani hiyo huzuka ghafla. Mwanafunzi aliyepelekwa mafunzo ya kazini katika afisi asiyoizoea huambiwa kwa simu na fundi aliye mbali: “Nisomee anwani ya ruta.” Mwanafunzi huinua macho, akaona ukutani kisanduku chenye antena na taa zinazomemeta, akaanza kusoma tarakimu zilizo kwenye kibandiko chake. Hapo ndipo makosa yanapoanza. Nyumba nyingi za kale za mtaa huo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Mawimbi ya redio hudhoofika yapitapo ukuta kama huo. Hivyo afisi ya vyumba vitatu huenda ikahitaji visambazaji viwili au vitatu vya mawimbi, ilhali ruta yenyewe ni moja, nayo imefungiwa kabatini katika ghorofa ya chini. Kisanduku kinachoonekana si lazima kiwe ndicho kinachotafutwa. Hata kibandiko cha ruta halisi si cha kutegemewa, kwa kuwa anwani iliyochapishwa hapo ni ya kiwandani, na aliyeusimika mtandao huenda aliibadilisha.

Njia ya uhakika ni kuiuliza tarakilishi yenyewe. Tarakilishi inapojiunga na mtandao, hutoa mwito wa kuomba anwani. Kifaa chenye jukumu la kugawa anwani, ambacho katika afisi ndogo huwa ni ruta hiyohiyo, huijibu kwa kuipa anwani yake pamoja na anwani ya mlango wa kutokea. Maadamu kazi inafanyika na kurasa za wavuti zinafunguka, jibu la fundi tayari limo ndani ya tarakilishi.

Katika tarakilishi zinazotumia Windows, mtumiaji hubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, huandika cmd, na katika dirisha jeusi linalofunguka huandika ipconfig. Orodha itakayotokea inaweza kumtisha asiyeizoea, kwa sababu hutaja kila kiungo cha mtandao kilichomo, hata vile visivyotumika. Cha kutafutwa ni kiungo kinachotumika wakati huo, kiwe cha waya au kisicho na waya, na chini yake mstari ulioandikwa “Default Gateway”. Iwapo mstari huo una anwani mbili, moja ikianza kwa fe80 na nyingine ikiwa na tarakimu za mafungu manne yaliyotenganishwa kwa nukta, fundi kwa kawaida huitaka hiyo ya pili. Katika Linux amri ni ip route, na jibu hufuata maneno “default via”. Tarakilishi za Apple huionyesha katika mipangilio ya mtandao, sehemu ya TCP/IP, mbele ya neno “Router”. Simu ya mkononi pia yaweza kusaidia, mradi imeunganishwa na mtandao wa afisi wala haitumii data ya kampuni ya simu.

Anwani itakayopatikana mara nyingi huanza kwa 192.168, au kwa 10, au kwa 172 ikifuatwa na namba kati ya 16 na 31. Mafungu hayo matatu yalitengwa rasmi mwaka 1996 kwa matumizi ya mitandao ya ndani. Ndiyo maana anwani 192.168.1.1 inaweza kuwa ya ruta ya Kibokoni na ya ruta ya Kisumu kwa wakati mmoja bila ya kugongana, kama vile miji miwili inavyoweza kuwa na Ndia Kuu kila mmoja. Kubahatisha kwa kuwa “ruta zote huishia na 1” ni desturi tu ya mafundi. Wapo wanaopenda 254, na wapo waliochagua namba wanayoijua wao wenyewe. Ikiwa anwani ya tarakilishi yenyewe inaanza kwa 169.254, basi mwito wake haukujibiwa na yeyote. Hapo hakuna lango la kusomwa, na tatizo ni la waya au la mgawaji wa anwani.

Afisi kubwa huwa na ruta zaidi ya moja. Amri ya tracert ikifuatwa na anwani yoyote ya mbali huorodhesha vituo ambavyo ujumbe hupitia, na kituo cha kwanza ndicho lango la aliyeuliza. Vinavyofuata ni vya ndani zaidi ya afisi au vya kampuni inayouza intaneti, na mbele yake ni nyaya za baharini. Mwaka 2009 nyaya mbili, TEAMS itokayo Fujairah na SEACOM, ziliwasili Mombasa na kuipunguzia Kenya utegemezi wa setilaiti.

Wanafunzi wa Kiswahili wana jambo la ziada la kuangalia hapa. Kifaa hiki huitwa ruta, kipanga njia, na pengine kisambaza data. Jina hili la mwisho ndilo linalompeleka mtu kwenye kisanduku cha ukutani, kwa maana kinachosambaza mbele ya macho yake ni hicho chenye antena. Kipanga njia ni bora zaidi, na Mmvita angaliweza kusema kipanga ndia bila ya kubadili maana. Lakini neno lililo kwenye kioo cha tarakilishi linataja lango, na fasiri yake, lango chaguomsingi, humweleza msomaji kwamba kinachotafutwa ni mahali pa kutokea wakati hakuna njia nyingine iliyotajwa. Mwanafunzi aliyelielewa neno hilo hahangaiki na antena.

Inabaki hatua ambayo aghalabu hurukwa katika maelezo ya namna hii. Anwani ya lango ikiandikwa katika kivinjari, kwa kawaida hufungua ukurasa wa mipangilio wenye kudai jina na nywila, na ruta nyingi zimeachwa na nywila ya kiwandani inayojulikana na kila mtu. Kuisoma anwani si kosa. Kuingia ndani bila idhini ni jambo jingine: Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inaliadhibu. Mwanafunzi aliye ugenini humsomea fundi mafungu yale manne, nukta kwa nukta, na kumwachia mwenye afisi aamue ni nani atakayefungua.